Bango Lililosomwa Kutoka Baharini

Umewahi kujiuliza, ile ndege ndogo inayovuta maneno angani mbele ya watu waliolala mchangani, ikishafika mwisho wa ufuo hurudi kwa njia gani?

Watu wa Tern Harbor, pwani ya New Jersey, hawakujiuliza. Kuanzia mwisho wa Mei mpaka mwanzo wa Septemba walilala juu ya taulo zao, wakasikia mngurumo, wakafumbua jicho moja, wakasoma kwamba mahali fulani kuna bia baridi au viatu vya bei nafuu, wakalifumba tena. Lakini mwenye ndege hana budi kufikiri. Ukikaa kwenye ufuo ule ukitazama bahari, kaskazini iko mkono wako wa kushoto. Maneno husomwa kuanzia kushoto, na herufi ya kwanza ndiyo iliyo karibu na mkia wa ndege. Basi ili yasomeke, ndege lazima iende kaskazini. Ikigeuka kurudi kusini, aliye mchangani huyaona maneno kinyume, kama shati lililovaliwa ndani nje. Kwa hiyo marubani hurudi wakipita mbali, maili mbili baharini, wasije wakawachanganya wateja.

Dewey Applegate alikuwa amerudi kwa njia hiyo kwa miaka ishirini na moja. Alizoea kusema kwamba huko nje wasomaji ni samaki tu. Hakuwa mwongo, ila hakuwahi kulifikiria jambo lenyewe mpaka mwisho wake. Aliyeko baharini akiutazama mji, kusini ndiyo iliyo kushoto kwake. Kwake yeye, ndege inaporudi, maneno yamenyooka sawasawa.

Sasa, Philomena Sciarra, ambaye mji mzima ulimwita Mena, alikuwa na mkahawa wa meza kumi na nne katika mtaa wa tatu kutoka baharini, kati ya dobi na duka la chambo. Alipika kama mama yake alivyopika: tambi za kombe, wale chaza wa mchangani, na kitunguu saumu, biringani za kuoka na jibini, mchuzi wa nyanya uliokaa motoni tangu alfajiri. Chakula hakikuwa na kasoro. Ila watalii si watu wa kutembea mitaa mitatu wakiwa na mchanga miguuni, na tangu hoteli kubwa ifunguliwe kando ya njia ya mbao iliyopita ufuoni, jioni nyingi Mena aliwasha taa zote, akakaa mezani peke yake, akakunja vitambaa vya mikono vilivyokuwa vimeshakunjwa.

Jikoni alikuwa na Iraida Feliciano, mtu wa Arroyo, Puerto Rico, mwanamke mwembamba mwenye viganja vikubwa, mjane wa miaka sita. Mumewe Anselmo alikuwa akiosha vyombo katika nyumba moja ya wageni. Baada ya vyombo vya mchana na kabla ya vyombo vya jioni alipata saa moja na nusu ya kupumzika, na saa hiyo aliipeleka baharini kwa sababu jiko lile halikuwa na dirisha.

Utaratibu wa mji ulikuwa hivi. Anayetaka kukaa ufuoni hununua beji ndogo ya plastiki na kuibandika kwenye nguo yake ya kuogelea. Saa kumi na moja jioni kipenga hupulizwa. Wakaguzi wa beji hukunja meza zao, na waokoaji hushuka kwenye viti vyao virefu na kuvilaza chali mchangani. Kuanzia hapo ufuo ni wa bure. Wenye beji huogelea wakiwa na waokoaji, na wasio na beji huogelea wao na Mungu wao. Anselmo aliingia majini saa kumi na moja na robo, siku ya Jumatano, mkondo ukamchukua. Mwili haukuonekana. Ripoti ya mji iliandika kwamba marehemu aliogelea nje ya saa zilizotangazwa.

Iraida hakulia mbele ya watu. Kilichomkaa kooni kilikuwa kitu kidogo, ambacho angeona haya hata kumwambia padri. Katika miaka kumi na moja ya ndoa yao, yeye na Anselmo hawakuwahi kukaa mezani wakala chakula cha jioni pamoja. Kiangazi wote wawili walikuwa jikoni, kila mmoja jikoni kwake, wakishughulikia chakula cha jioni cha watu wengine. Wakati wa baridi Anselmo alifanya kazi ya usiku kwenye kiwanda cha kuku, naye Iraida ya mchana kwenye kiwanda hichohicho. Waliachiana chakula kwenye sahani iliyofunikwa na sahani. Iraida akirudi alijua kama mume amefurahi kwa jinsi alivyofuta mchuzi kwa mkate: akipenda, sahani ilibaki kavu kama imeoshwa. Iraida alitaka jioni moja tu, uso kwa uso, na mtu mwingine alete chakula. Hakuwahi kumwambia. Alidhani siku ziko nyingi.

Wazo la ndege lilikuwa lake. Alisema, "Bi Mena, watu hawaji kwa sababu hawajaitwa. Waite."

Basi Jumatatu ya kwanza ya Julai Mena alikwenda uwanjani kwa Dewey, nyuma ya bwawa la maji chumvi, penye nyasi zilizokatwa fupi na vibanda viwili vya bati. Alikuwa ameandika kwenye karatasi vyakula vyote, pamoja na vitindamlo.

Dewey alisoma, akakuna kidevu. "Mena, hili ni bango. Si barua kwa mama yako."

"Punguza basi. Toa vitindamlo."

"Nitoe vitindamlo, nitoe na biringani, na bado ndege itavuta kama punda aliyebebeshwa kanisa. Herufi arobaini. Zaidi ya hapo naanguka, na nikianguka bango lako linaanguka na mimi."

Mena alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akafikiri kwa muda mrefu. Mwisho wakakubaliana: KWA MENA. NJOONI WOTE, CHAKULA TAYARI.

"Na mtaa?" Dewey aliuliza. "Watu huandika mtaa."

"Mtaa wa nini? Nani asiyejua kwa Mena?"

Dewey hakubishana na wateja. Alizitoa herufi kibandani, nyekundu, kila moja ndefu kuliko mwanamume, akazipanga kwenye nyasi moja baada ya nyingine, akirudi kinyumenyume na kuziunga kwa vijiti vyembamba. Kamba ya mbele aliitundika juu ya nguzo mbili. Kisha akapaa, akazunguka, akashuka chini hadi nyasi zikalala, kulabu iliyoning'inia mkiani ikaidaka ile kamba, naye akavuta pua ya ndege juu kwa ghafla. Maneno yakanyanyuka kutoka ardhini herufi moja moja, kama mtu anayeamka kitandani kwa uvivu. Mena alipiga ishara ya msalaba, akarudi kuchemsha maji ya tambi.

Siku tatu bango lilipita. Watu wa mchangani walilisoma, wakapata njaa, na kwa kuwa halikutaja mtaa waliwauliza waokoaji, na waokoaji wakawaonyesha duka la pitsa lililokuwa mbele ya macho yao. Duka hilo lilifanya biashara nzuri sana siku zile.

Alhamisi, yapata saa kumi na mbili jioni, jua likiwa bado juu, wateja wa kwanza wa Mena walifika. Walikuja kwa miguu kutoka upande wa bahari, wakifuata harufu ya kitunguu saumu, na hawakuhitaji mtaa. Mbele alikuwa mzee mwenye koti zito la sufu lenye vifungo vya shaba, akichuruzika maji. Nyuma yake walikuwa dada wawili waliovaa nguo za kuogelea za zamani, zinazofunika magoti. Halafu wavuvi watano, na mtu mmoja wa ngalawa ya uokoaji akiwa na kofia mkononi. Walisimama mlangoni wakafuta miguu kwa adabu.

Mena alichukua daftari la meza. "Wangapi?"

"Tisa, bibi," alisema mzee. "Wa kumi yuko nyuma, anatembea polepole. Naitwa Kapteni Bowker. Tumesoma kwamba chakula kiko tayari."

"Kiko. Kaeni hapa karibu na mlango, sakafu yake haiharibiki na maji." Akageukia jikoni. "Iraida! Kumi! Na uniletee dekio."

Kapteni Bowker alikuwa amezama na jahazi la makaa ya mawe katika dhoruba ya mwezi wa pili, kabla ya bibi yake Mena kuzaliwa. Alikula sahani mbili za tambi. Alipomaliza, alisimama akashika kofia.

"Bibi," alisema, "nimekuwa mbele ya mji huu miaka mia na minne. Usiku naona taa zenu. Nasikia muziki wenu. Nimesoma mabango ya bia, ya viatu, ya mafuta ya kuzuia jua, ambayo sisi hayatufai. Hii ni mara ya kwanza kuambiwa karibuni. Asante."

"Asante kwenu kwa kuja," alisema Mena, na alimaanisha, kwa sababu meza mbili zilikuwa zimejaa.

Kesho yake walikuja ishirini na sita. Asubuhi Mena alikuta ndoo za kombe mlangoni, nne, zimejaa, zimeshaoshwa mchanga. Akaongeza mazulia ya kufutia miguu. Mwisho wa wiki watu wa nchi kavu waliona foleni barabarani wakajiunga nayo, maana watu wa huko wakiona foleni huamini kwamba mbele kuna jambo jema. Mke wa wakili kutoka Philadelphia alikaa meza moja na wavuvi watatu, akaomba taulo la kukalia, akapewa. Alisema biringani ilikuwa ya kumfanya mtu atubu. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na kweli Mena alipona. Aliacha kukunja vitambaa, kwa sababu havikukaa mezani muda wa kukunjwa.

Dewey naye aliviona vichwa majini siku aliyotazama chini. Vilikuwa vimeinuka juu ya mawimbi, vikisoma, kila kimoja kimefumba jicho moja kwa sababu ya jua. Tangu siku hiyo, akirudi kusini, alishusha ndege kidogo na kupunguza mwendo, kama alivyofanya kwa msomaji yeyote.

Wiki ya pili walikuja wengine, na hawa walipita mlango wa nyuma.

Walikuwa kumi na mmoja. Wahudumu wa vyumba wanne, bado wamevaa sare. Waosha vyombo watano. Mpishi mmoja wa kukaanga, mtu mweusi mrefu kutoka Carolina, jina lake Odell Gaskins, aliyezama kiangazi cha mwaka wa sitini na mbili. Na Anselmo.

Iraida alikuwa na sufuria nne motoni. Aligeuka akamwona amesimama kando ya sinki, nywele zimemlowa, amenenepa kidogo.

"Umechelewa," alisema.

"Kulikuwa na mkondo," alisema Anselmo.

"Umekula?"

"Tutakula baadaye. Hizi sahani ni za nani?"

"Za meza ya saba."

Akakunja mikono ya shati akaanza kuosha. Wenzake walishachukua aproni kwenye misumari. Odell alionja mchuzi, akaongeza chumvi bila kuomba ruhusa, na Mena alipoingia kubeba sinia alikuta jiko lina watu kumi na wawili na sahani zote zimekauka.

"Nyinyi nanyi kaeni," aliwaambia. "Meza zipo. Bango limesema wote."

"Tumelisoma, Bi Mena," alisema Odell. "Tulikaa nalo wiki nzima kule chini tukilijadili. Tukaona hao wote labda ni wale wengine."

"Wote ni wote."

"Ndiyo, mama. Tukimaliza hizi."

Mena aliwaambia wakae siku tatu mfululizo. Siku ya nne hakusema tena, kwa sababu vyombo vilikuwa vingi na mikono yao ilikuwa mizuri. Walikula wakiwa wamesimama karibu na jokofu, chochote kilichobaki, halafu wakaondoka kabla giza halijaingia sawasawa, kwa mlango uleule wa nyuma.

Lazima isemwe kwamba Iraida alikuwa na furaha. Kwa miaka sita hakuwa amesikia mtu akipanga sahani kwa mlio ule, ndogo juu ya kubwa, tak, tak, tak, bila kuvunja hata moja. Alipika akiwa amempa mgongo, akamshukuru Mungu kwa mlio. Anselmo alimweleza habari za kule: baridi si kali kama watu wanavyodhani, wavuvi wanaimba ovyo, Kapteni anataka kila mtu aamke mapema. Naye Iraida akamweleza nani kaolewa, nani karudi Arroyo. Lakini lile neno lake halikutoka. Kila lilipofika ulimini, kengele ya jikoni ililia.

"Anselmo..."

"Naam?"

"Meza ya nne!" Mena alipiga kelele. "Tambi mbili, biringani moja!"

"Maliza kwanza meza ya nne," alisema Anselmo.

Odell, aliyekuwa na masikio makali, alicheka. "Dada Iraida, hayo maneno unayatafuna tangu Julai. Yatakumaliza meno."

"Wewe kaanga ngisi wako."

"Nakaanga. Ngisi hachukui mwezi mzima."

Katikati ya Agosti Bwana Prescott Lathrop alikuja kula. Yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa halmashauri ya mji, mtu msafi, mwenye sauti ya chini, aliyependa kupeana mikono. Alipeana mkono na Kapteni Bowker akajifuta kwa leso bila kinyongo. Mena alimkaribisha vizuri, akamlisha, kisha akamwomba aje jikoni.

"Bwana Lathrop, nataka uwatazame hawa."

Lathrop aliwatazama. Aliwaamkia.

"Nimewauliza mmoja mmoja," alisema Mena. "Wale wa meza za mbele walizama kwa dhoruba, kwa vita, kwa ulevi, kila mtu na lake. Hawa wa jikoni ni kumi na mmoja, na wote walizama kati ya saa kumi na moja na saa moja jioni. Wote, Bwana Lathrop. Kipenga kikishalia."

Lathrop alifikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri kabla ya kujibu, ndiyo maana watu walimchagua.

"Na ndani ya saa za waokoaji?"

"Hakuna."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

"Basi," alisema, uso ukamkunjuka, "hiyo inaonyesha kwamba utaratibu wetu unafanya kazi. Ningependa kulitaja hilo kwenye kikao." Akamgeukia Anselmo. "Ulikuwa umeusoma ubao wa saa, bwana?"

"Niliusoma, mheshimiwa," alisema Anselmo. "Umeandikwa vizuri."

"Asante. Tutaupaka rangi upya mwakani." Kisha akaomba kipande kingine cha biringani cha kumpelekea mkewe, naye Iraida akamfungia, kwa kuwa alikuwa mteja.

Akatoka na kifurushi chake. Odell alisema, "Mimi mwenyewe sikuusoma. Nilikuwa na mvuke machoni." Watu wakacheka wakarudi kazini.

Mena aliandika barua mbili kwa halmashauri akiomba waokoaji wakae hadi jua lizame. Ya kwanza ilijibiwa kwa shukrani. Ya pili ilijibiwa kwa nakala ya jibu la kwanza.

Msimu huko huisha siku moja, kama taa inavyozimwa. Ni Jumatatu ya kwanza ya Septemba, sikukuu ya wafanyakazi, ambayo wafanyakazi wa mkahawa hufanya kazi kuliko siku zote. Baada yake watalii huondoka, ndege za mabango hufungwa kamba kwenye nyasi, na Kapteni Bowker alishasema waziwazi kwamba wao hawataki kuwa wageni wa kuzoea. Wataitwa tena, watakuja. Wasipoitwa, asante kwa yaliyopita. Iraida aliyasikia hayo akiwa ameshika mwiko. Mwakani ni mbali. Anselmo aliwahi kumwambia "kesho" mara nyingi, na alijua kesho zinavyokwenda.

Siku hiyo Dewey alilivuta bango mara ya mwisho. Alikuwa amelipwa kwa mzunguko mmoja, akafanya mitatu, na ule wa kurudi aliufanya chini kabisa hata herufi zikagusa vichwa vya mawimbi. Saa kumi na moja kamili kipenga kililia. Waokoaji walilaza viti vyao chali, wakakumbatiana, wakaagana mpaka mwakani.

Saa kumi na mbili foleni ya kwa Mena ilikuwa imepita duka la chambo na kukunja kona. Walikuwemo wa nchi kavu na wa baharini, wakisukumana kidogo, wakipashana habari. Dada wawili wa nguo za zamani walikuwa wameleta konokono wa bahari kama zawadi. Mena alisimama mlangoni na daftari, amevaa gauni lake la kanisani, sauti imemkauka kwa kushukuru. Alimshukuru kila anayeingia na kila anayetoka. Meza kumi na nne zilijaa, zikabaki tupu, zikajaa tena.

Jikoni mvuke ulikuwa mzito. Iraida alikuwa na sufuria sita. Anselmo alikuwa na sahani hadi kifuani.

"Anselmo," alisema Iraida.

"Naam."

"Geuka."

"Nina mikono ya sabuni."

"Geuka na sabuni yako."

Akageuka. Kengele ikalia. Mena akaita meza ya kumi na moja, tambi nne. Iraida alitazama kengele. Alitazama sufuria zake sita, zote zinachemka vizuri. Kisha akavua aproni, akaikunja mara mbili, akaiweka mikononi mwa Odell.

"Tambi nne," alimwambia. "Kombe usiziache zaidi ya dakika tatu, zinakuwa mpira."

"Dada, nilikuwa nikipika kombe wewe hujazaliwa," alisema Odell. Alikwisha kushika mwiko.

Iraida alimfungulia mume wake aproni kwa nyuma, maana fundo lilikuwa limelowa, akamshika kiganja chenye sabuni. Walitoka kwa mlango wa nyuma, wakapita kichochoro cha mapipa ya taka, wakazunguka kwa dobi, wakatokea barabarani. Hapo wakasimama mwisho wa foleni, nyuma ya familia ya watu watano kutoka Trenton walioungua na jua.

Anselmo alijifuta mikono kwenye suruali, akainusa, akajifuta tena. Wahudumu wawili wa vyumba, wasichana wa nchi kavu kutoka nyumba za wageni, walipita na taulo shingoni, wakicheka, wakielekea ufuoni, kwa kuwa sasa ulikuwa wa bure. Kapteni Bowker, aliyekuwa ameshakula, alitoka akasimama kwenye kona penye kuonekana maji, akawatazama mpaka walipoogelea na kutoka salama. Kisha akavaa kofia yake.

Foleni ilisogea polepole. Familia ya Trenton ilipata meza. Mena aliinama juu ya daftari, akafuta jina, akalowesha ncha ya penseli kwa ulimi.

"Asanteni kwa kungoja," alisema bila kuinua kichwa. "Wangapi?"

Kisha akainua macho. Alimwona Iraida bila aproni. Alimwona Anselmo kando yake, amesimama wima kama mtu anayepigwa picha. Kutoka jikoni kengele ililia, na hakuna aliyekwenda.

"Iraida," alisema Mena. "Meza ya kumi na moja..."

"Wawili, Bi Mena," alisema Iraida. "Mimi na mume wangu. Tunataka kukaa, tule pamoja, mtu mwingine atuletee."